Tukiwaita Waandishi wa Habari, Tujiandae Vipi?



Katika madarasa ya kisomo ya Tarime na Serengeti liko swali ambalo tunaulizwa mara kwa mara. Wanakisomo wanataka kujua kwa nini mambo ya vijiji vyao hayasikiki redioni wala hayaandikwi magazetini. Tembo wanaingia shambani usiku na kumaliza mahindi ya mwaka mzima. Maji ya mto yanabadilika rangi. Binti anakimbia nyumbani mwezi wa Disemba ili asikeketwe. Hizi zote ni habari nzito. Basi kwa nini hazitoki?

Sababu moja ni kwamba habari haitembei yenyewe. Waandishi wa habari wa mkoa wetu siyo wengi, na wengi wao wanakaa Musoma mjini. Kutoka huko mpaka Nyamwaga, au mpaka Robanda karibu na hifadhi, ni safari ya siku nzima kwenda na kurudi. Mwandishi hawezi kujua lililotokea kwenu kama hamkumwambia. Na akija akakuta kila mtu anasema lake, anarudi na daftari tupu.

Kwa hiyo leo tueleze jinsi kijiji, chama cha ushirika au kikundi cha akina mama kinavyoweza kuandaa mkutano na waandishi wa habari. Kazi hii siyo ya mawaziri peke yao. Mtu aliyejua kusoma na kuandika anaweza kuifanya, mradi afuate utaratibu.

MKUTANO HUU NI WA NAMNA GANI?

Mkutano na waandishi wa habari siyo mkutano wa hadhara. Katika mkutano wa hadhara kiongozi anazungumza na wananchi waliokaa mbele yake. Katika mkutano na waandishi mnazungumza na watu watano au sita tu, lakini kupitia kwao mnazungumza na maelfu wasiokuwepo. Hao wasiokuwepo hawajui kijiji chenu kiko wapi. Hawamjui mwenyekiti wenu. Hawajui mgogoro ulianza lini. Kwa hiyo kila jambo lazima lielezwe toka mwanzo, kwa ufupi na kwa maneno yanayoeleweka.

Tena mkutano huu una maswali. Mnasema kwa dakika kumi, halafu mnaulizwa kwa dakika ishirini. Asiyetaka kuulizwa asiite waandishi. Huyo aandike barua tu, aipeleke.

KWANZA JIULIZENI: TUNA HABARI AU TUNA MANUNG'UNIKO?

Manung'uniko ni kusema, "Tembo wanatutesa." Habari ni kusema tembo waliingia kitongoji gani, usiku wa tarehe ngapi, waliharibu ekari ngapi za zao gani, kaya ngapi hazina chakula, afisa wa wanyamapori aliarifiwa lini, na alijibu nini. Wakulima wengi wa Serengeti wanajua kuna malipo ya serikali yanayoitwa kifuta jasho kwa mazao yaliyoharibiwa, na kifuta machozi kwa mtu aliyeuawa au kujeruhiwa na mnyama. Basi kama mmejaza fomu, semeni mlijaza lini na mmesubiri kwa muda gani. Hapo mwandishi ana kitu cha kuandika, na mkubwa anayehusika ana kitu cha kujibu.

Kabla ya kuita waandishi, ulizeni kwanza ofisi inayohusika. Ulizeni kwa barua, na mbaki na nakala. Katiba yetu katika ibara ya 18 inampa kila raia haki ya kupata habari. Mwaka 2016 Bunge lilipitisha Sheria ya Haki ya Kupata Taarifa. Kwa sheria hiyo, mwananchi akiomba taarifa kwa maandishi, ofisi ya umma inatakiwa imjibu katika siku 30. Mkijibiwa, pengine shida imekwisha na mkutano hauna haja. Msipojibiwa, ile nakala ya barua ni ushahidi wa kuwaonyesha waandishi. Hakuna atakayesema mmekurupuka.

MAMBO MACHACHE, YAKASEMWA WAZI

Tuna mfano mzuri, na aliyeutoa ni mtu wa mkoa wetu wenyewe. Tarehe 13 Machi 1995 Mwalimu Nyerere alizungumza na waandishi wa habari katika hoteli ya Kilimanjaro, Dar es Salaam. Wakati ule alikuwa amekwisha kung'atuka, hana cheo serikalini. Nchi ilikuwa inaelekea kwenye uchaguzi wa kwanza wa vyama vingi baada ya miaka mingi. Mwalimu alikuwa na mengi moyoni, lakini hakuyasema yote kwa mchanganyiko. Alilifananisha taifa na nyumba iliyoingia nyufa, akazitaja nyufa zenyewe moja baada ya nyingine: Muungano, kutojali Katiba na sheria, rushwa, ukabila na udini. Mazungumzo yale mpaka leo watu huyaita "Nyufa".

Tujifunze mambo mawili hapo. La kwanza, mambo yalikuwa machache, yanahesabika kwa vidole vya mkono mmoja. La pili, alitumia mfano ambao hata mtu ambaye hajasoma anaujua. Kila mmoja wetu ameona nyumba yenye ufa. Basi na nyinyi mkikaa kuandaa mkutano, chagueni mambo matatu, yasizidi. Mkisema kumi, mwandishi atachagua moja, na huenda akachagua lile ambalo nyinyi hamkulitilia maanani.

NANI ASEME?

Jambo la kijiji lianzie kwenye Halmashauri ya Kijiji. Likubaliwe huko na liandikwe kwenye muhtasari wa kikao. Likiwa kubwa, lipelekwe kwenye Mkutano Mkuu wa Kijiji. Hapo mtu hawezi kusimama kesho akasema mwenyekiti amejisemea mwenyewe.

Halafu chagueni msemaji mmoja, na shahidi mmoja au wawili. Msemaji anaeleza jambo zima. Shahidi ni yule aliyeona kwa macho yake: mwenye shamba lililoliwa, au mama anayechota maji pale mtoni. Msitume watu kumi mbele. Kila mmoja atasema hesabu yake, mmoja atasema ekari 20 na mwingine 60, na mwandishi atajua hamna hakika.

Shahidi akiwa mzee anayesema Kikurya, Kingoreme au Kiikoma vizuri kuliko Kiswahili, mwacheni aseme lugha yake, na mtu mwingine atafsiri. Maneno ya mtu katika lugha yake yana uzito. Lakini mfasiri atafsiri yaliyosemwa. Asiongeze chumvi.

Mwarifuni Afisa Mtendaji wa Kijiji na wa Kata mapema. Kumwarifu siyo kumwomba aseme badala yenu. Ni kuhakikisha kwamba mkutano hautaitwa wa fujo, na kwamba waandishi watakapomwuliza atakuwa na la kujibu.

SIKU NA SAA

Msiweke mkutano siku ya mnada, wala siku ya mazishi, wala siku ambayo kiongozi mkubwa anatembelea wilaya. Siku hiyo waandishi wote watakuwa kwake. Saa nzuri ni saa 4 asubuhi. Mwandishi aliyetoka Musoma atakuwa amefika. Atamaliza saa 6, atakwenda kuona shamba au mto wenyewe, na jioni atakuwa ametuma habari yake. Mkianza saa 9 alasiri, habari haitawahi taarifa ya saa 2 usiku, na kesho yake itakuwa imepoa.

Barua ya mwaliko ipelekwe siku nne au tano kabla. Mnaweza kuipeleka kwenye klabu ya waandishi wa habari ya mkoa, kwenye redio za karibu kama Mazingira FM ya Bunda, na kwa waandishi wanaotuma habari TBC na kwenye magazeti. Siku hizi barua inaweza kupigwa picha na kutumwa kwa simu. Kesho yake wapigieni kuhakikisha imefika. Barua iwe fupi, ukurasa mmoja, kama hivi:

"Serikali ya Kijiji cha ................, Kata ya ................, inawaalika waandishi wa habari siku ya ............ tarehe ............ saa 4.00 asubuhi katika shule ya msingi ............ Tutaeleza uharibifu wa mashamba uliofanywa na tembo kuanzia tarehe ............ mpaka ............ Atakayesema ni ................, Mwenyekiti wa Kijiji. Baada ya mkutano tutawapeleka kuona mashamba. Kwa maelezo zaidi piga simu namba ................"

Angalieni barua hiyo vizuri. Inajibu nani, nini, wapi na lini. Kwa nini na kwa vipi mtaeleza siku yenyewe.

HESABU LAZIMA ISIMAME

Watu wanaosikiliza habari wana akili, na wana maswali. Tukumbuke yaliyotokea mwezi wa Machi mwaka 2022. Maji ya mto Mara yaligeuka rangi, yakanuka, na samaki wakafa. Serikali iliunda kamati ya wataalamu chini ya Profesa Samwel Manyele. Kamati ilipotoa matokeo yake ilisema kwamba chanzo ni kinyesi na mkojo wa ng'ombe vilivyolimbikana katika bonde la mto, pamoja na mimea iliyooza. Jibu hilo lilizua mjadala nchi nzima. Wengi waliuliza: ng'ombe wamekuwa wakinywa katika mto huu toka enzi za mababu, mbona samaki hawakufa namna hii?

Hapa hatuamui nani alikuwa na haki katika mjadala ule. Tunataka kuonyesha jambo moja. Anayetoa maelezo mbele ya waandishi ajiulize kwanza lile swali ambalo mfugaji wa kawaida atauliza akisikia, na alijibu kabla halijaulizwa. Asipofanya hivyo, swali litabaki na jibu litasahauliwa.

Na sisi wa vijijini sheria hiyo inatuhusu vilevile. Watu wa kando ya mto Tigithe wanajua. Mwaka 2009 maji yenye sumu yalivuja kutoka mgodi wa dhahabu wa North Mara yakaingia katika mto huo. Mwezi wa Mei 2019 Serikali iliutoza mgodi huo faini ya shilingi bilioni 5.6 kwa uchafuzi wa mazingira. Mambo ya namna hii huamuliwa kwa vipimo na kumbukumbu. Mkiona maji yamebadilika, andikeni tarehe na saa. Pigeni picha. Hesabuni samaki au mifugo waliokufa, na kila mwenye ng'ombe aandikishe idadi yake. Arifuni ofisi ya mazingira ya wilaya na ofisi ya Bonde la Ziwa Victoria waje wachukue maji ya kupima. Mkisema "ng'ombe wengi wamekufa", mtaulizwa wangapi. Mkisema "sumu", mtaulizwa nani alipima. Kama hakuna aliyepima, semeni tu mlichokiona: maji yalikuwa meusi, yalinuka, samaki walielea. Hicho hakuna wa kuwapinga.

WATOTO WASIANIKWE

Sasa tufike kwenye jambo ambalo katika wilaya zetu mbili ni zito kuliko yote.

Mnajua kwamba ukeketaji kwetu hufanyika zaidi mwezi wa Disemba shule zikifungwa, hasa katika miaka inayogawanyika kwa mbili. Utafiti wa taifa wa mwaka 2015-16 ulionyesha kwamba katika Mara, kati ya kila wanawake 100 wa umri wa miaka 15 mpaka 49, 32 walikuwa wamekeketwa. Sheria ya mwaka 1998 inasema mwenye dhamana ya msichana wa chini ya miaka 18 akimkeketa au akisababisha akeketwe, anaweza kufungwa miaka 5 mpaka 15, au kutozwa faini isiyozidi shilingi 300,000, au vyote viwili. Mabinti wengi wamekimbia na kupokelewa katika kituo cha Masanga kule Tarime, na katika nyumba salama ya Mugumu iliyofunguliwa mwaka 2014.

Habari hizi zinafaa kuandikwa. Zimewasaidia wazazi wengi kufikiri upya. Lakini hapa ndipo waandaaji wanapoweza kuharibu. Wanawapanga mabinti mstari mbele ya kamera, kila mmoja anataja jina lake, jina la baba yake na kijiji chake. Waandishi wanaondoka wamefurahi. Je, binti atarudije nyumbani mwezi wa Januari? Ukoo wake wote umemwona. Mjomba anasema ameuaibisha mji. Shuleni anaonyeshwa kidole. Pengine aliyetaka kumkeketa sasa anajua amefichwa wapi, na mpaka wa Kenya hauko mbali. Maji yakimwagika hayazoleki. Picha ikishatoka haiwezi kurudishwa.

Sheria ya Mtoto ya mwaka 2009 inataka maslahi ya mtoto yatangulie katika kila jambo linalomhusu. Kwa hiyo mshike haya:

1. Mtoto asiletwe kwenye mkutano wa waandishi kama kielelezo. Msemaji awe mlezi wa kituo, afisa ustawi wa jamii, au polisi wa dawati la jinsia na watoto.

2. Jina, sura, shule, kijiji na jina la mzazi visitajwe. Katika kijiji kidogo hata kusema "binti wa mwalimu mkuu" ni kumtaja.

3. Mahali palipo na watoto waliokimbia wakati wa msimu, kamera zisiingie mabwenini.

4. Mwanamke mtu mzima akitaka mwenyewe kusimulia yaliyompata, asimulie. Lakini kwanza aelezwe wazi kwamba redio inasikika mpaka kwa wakwe zake. Akisita, aachwe. Akikubali leo akakataa kesho kabla ya mkutano, aachwe vilevile.

5. Mwandishi akisisitiza kupata sura ya mtoto, mwambieni hapana. Mwandishi mzuri ataelewa. Anaweza kupiga picha ya madaftari, ya viatu mlangoni, au ya mikono inayoshona.

Afadhali habari ikose picha kuliko mtoto akose pa kurudi.

MAJINA YA WATU WAZIMA NAYO YANA MOTO

Ukimtaja mtu mbele ya waandishi kwamba ni mwizi wa ng'ombe au mla rushwa, na huna ushahidi, umemkashifu. Anaweza kukushtaki. Hata Mwalimu Nyerere mwenyewe alifikishwa mahakamani mwaka 1958 kwa sababu ya maneno yaliyoandikwa katika Sauti ya TANU juu ya wakuu wa wilaya wa kikoloni. Alitozwa faini ya shilingi 3,000. Kwa hiyo semeni tukio, siyo tetesi. Semeni: "Ng'ombe 14 waliibwa tarehe fulani, tuliripoti kituoni, tukapewa namba hii ya taarifa, na mpaka leo hatujajibiwa." Msiseme nani aliiba. Hiyo ni kazi ya polisi na mahakama.

Na lisemwalo kando ya mkutano limesemwa. Msimwambie mwandishi maneno ya chini chini halafu mkamwomba asiandike. Usilotaka lisikike kwa jirani, usiliseme mbele ya kinasa sauti.

JAMBO LA BAHASHA

Tuseme na hili, maana kila mwaka linaulizwa. Je, waandishi walipwe? Habari hainunuliwi. Ukimlipa mtu akuandike vizuri, kesho mwenye fedha nyingi kuliko wewe atamlipa akuandike vibaya. Lakini usafiri ni jambo jingine. Kama mmetafuta gari moja la kuwachukua wote kutoka njia panda, na mkawapa chai na ugali kama wageni wengine, hakuna ubaya. Jambo lenyewe liwe wazi, na liandikwe kwenye hesabu za kijiji. Linalofanywa kwa siri ndilo la kuogopa.

SIKU YENYEWE

Chagueni chumba cha darasa kilicho kimya, mbali na mashine ya kusaga na mbali na bati linalolia kwa upepo. Kinasa sauti kinasikia vyote. Andaeni nakala za taarifa yenu, mbili au tatu zaidi ya waliotarajiwa. Anzeni kwa saa, hata kama kiongozi fulani hajafika.

Msemaji ajitambulishe kwa jina kamili na cheo, asome taratibu, kisha aseme, "Karibuni kwa maswali." Akiulizwa asilolijua, ajibu: "Hilo sina hakika nalo, nitawapa jibu kesho kwa simu." Na kesho apige kweli. Asikasirike. Mwandishi anayeuliza swali gumu anafanya kazi yake. Asiyeuliza hanalo ajifunzalo.

Baada ya hapo, sikilizeni redio na msome magazeti, mtunze nakala. Kama habari imekosewa, mpigieni mwandishi kwa heshima, mwonyesheni kosa, na mwombe lisahihishwe. Kama imetoka vizuri, mshukuruni. Wakati mwingine mkimwita atakuja.

Na kama ofisi iliyotajwa imeitikia na kutimiza wajibu wake, mwiteni mwandishi tena aandike na hilo. Watu wakiona kijiji kinasema ukweli wakati wa shida na wakati wa heri, watakisadiki.

MASWALI YA KUJADILIANA KATIKA KIKUNDI

1. Ni jambo gani katika kijiji chenu ambalo lingefaa kuelezwa kwa waandishi wa habari? Je, ni habari au bado ni manung'uniko? Kimepungua nini?

2. Andikeni barua ya mwaliko ya ukurasa mmoja. Mmoja aisome kwa sauti. Wengine waseme kama imejibu nani, nini, wapi na lini.

3. Mwandishi amefika msimu wa Disemba na anaomba kumpiga picha binti aliyekimbia. Binti mwenyewe amekubali. Ana miaka 13. Mtamjibu nini mwandishi, na mtamweleza nini binti?